Ukuta Tuliojenga kwa Utani Ng'ambo ya Mpaka

Tangu nirudi nimeulizwa habari za safari hii kwenye posho mill, kwa fundi wa viatu, na hata mazishini, ambapo mama mmoja alinivuta nguo katikati ya maombi akaninong'oneza, "Mwalimu, na ile maneno ya Sudan Kusini iliisha aje?" Nilimwambia angoje. Wote niliwaambia mngoje, na najua baadhi yenu mlisema Mwalimu Ndunge amekuwa mtu wa serikali siku hizi, ana siri. Sikuwa na siri yoyote. Sikutaka tu kusimulia safari ambayo mwisho wake mimi mwenyewe sikuujua. Sasa ninaujua, kwa hivyo vuteni viti.

Mnajua mwanangu Kioko ni askari, na kwamba kwa miaka miwili alikuwa katika kikosi kilichotumwa na serikali yetu kulinda kivuko cha mto mmoja huko Sudan Kusini. Mnajua pia, maana nyinyi hampitwi na jambo, kwamba mbuzi watatu wa ntheo wamefungwa kwangu muda wote huo. Bila mbuzi hao kufika kwa wakwe, Kioko hana mke mbele ya wazee, hata akimpenda Mwende namna gani. Wakwe wetu wa Matuu tulikuwa tumewaahirishia mara tatu, maana Kioko mwenyewe lazima awepo. Mara ya tatu baba yake Mwende alinipigia simu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama yule beberu bado ana meno. Upole ule ulinikosesha raha wiki nzima.

Aliyenipeleka huko ni Kioko mwenyewe na mdomo wake. Kivuko chao kilikuwa kati ya vijiji viwili, kimoja juu ya mto na kingine chini, ambavyo niliahidi kutovitaja majina. Mto ule hukauka miezi mingi kama mito yetu, na kila ukikauka vijiji vile hupigania visima vya mchangani. Siku moja wakubwa wakijadiliana, Kioko akasema bila kuulizwa, "Kwetu hii shida tunamaliza na ukuta mtoni. Mamangu amejenga saba." Kulikuwa na mtu akiandika yaliyosemwa. Baada ya muda simu yangu ikalia: serikali ilitaka niende huko nikajenge wa nane.

Niliambiwa jambo moja ambalo sikulisahau njia nzima. Vijiji vikikubaliana na ujumbe wa serikali ukiridhika, kituo cha askari kitafungwa na vijana watarudi nyumbani. Visipokubaliana, wataongezewa muda. Wengine walikwenda huko kutafuta amani ya ukanda mzima, na Mungu awabariki. Mimi nilikwenda kumchukua mwanangu.

Masii hadi Kitale

Kutoka kwetu tulikuwa wawili, mimi na Fundi Musyoka wa Ekalakala, mwashi anayejua mawe kuliko anavyojua watu. Gari la serikali lilitukuta kando ya barabara alfajiri. Ndani alikaa Bwana Barasa, mwanadiplomasia, amevaa suti na viatu vinavyong'aa, na chupa ya chai ameikumbatia kifuani. Alitazama mizigo yetu: mtaimbo, fimbo ndefu ya chuma ya kupimia kina cha mchanga, kamba, na ndoo ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nilioupika usiku huo na maharagwe.

"Na mashine zinakuja na gari gani?" akauliza.

"Mashine ni watu," Fundi akamjibu. "Wako huko tayari."

Bwana Barasa alifungua kitabu chake akaandika kitu, kisha akakifunga polepole. Nadhani hapo ndipo alipoanza kujuta.

Tulipopita Nakuru alinieleza sera ya nchi, nami nilimsikiliza vizuri kwa sababu nilifundisha uraia miaka mingi na sikuwahi kukutana na mtu anayeifanya. "Mwalimu, huko kukichafuka, si kwao peke yao," alisema. "Watu wanavuka na ng'ombe, malori yetu yanalala mpakani, bunduki zinafika mpaka kwa wachungaji wetu. So serikali iko na mikono mbili. Mkono mmoja ni askari, wakae katikati watu wasiuane. Ile ingine ni mimi."

Mkono huo wa pili ulikuwa umeandaa mikutano mitatu kwenye hoteli nzuri. Wakubwa wa vijiji vyote viwili walikula, wakatia sahihi, wakapigwa picha, wakarudi kwao, na kabla ya mwezi kwisha ng'ombe walikuwa wameshachukuliwa tena.

"Hao waliotia sahihi, ndio wanateka maji?" nilimuuliza.

"Hapana. Wanawake ndio wanateka."

"Na wanawake mliwaita?"

Bwana Barasa akafungua ile chupa akanimiminia chai, nusu kikombe. Fundi hakupewa.

Karibu na Kitale askari wa kizuizi waliitoa ile fimbo ya chuma wakaizungusha wakitafuta mahali pa kuweka risasi. Fundi Musyoka alishuka, akaidunga kwenye mtaro wa barabara, akaweka sikio juu yake, akawaambia jiwe liko chini kama hatua mbili. Waliipokezana kwa zamu, kila mmoja akisikiliza. Tulicheleweshwa saa nzima, si kwa sababu walitushuku, bali kwa sababu mkubwa wao alitaka kujua kama angeweza kuchimba kisima kwake Bungoma.

Kitale hadi Lodwar

Ukishuka kutoka milimani kuelekea Lodwar unavua nguo moja kila baada ya nusu saa. Bwana Barasa alivua koti, kisha tai, halafu akakwama kwenye viatu. Tulikuwa tumelala Kitale, na saa nne asubuhi tulifika mahali ambapo barabara inavuka mto mkavu, na mto haukuwa mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, kwetu jua linawaka, na maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya barabara yakibeba magogo. Malori yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili. Tuliambiwa tungoje maji yapungue.

Tulingoja kwa muda wa saa saba. Fundi Musyoka alisimama ukingoni kama mtu aliyefiwa.

"Mwalimu, hii maji yote inaenda wapi?"

"Inaenda tu, Fundi."

"Inaenda tu," alirudia, na nikaona macho yake yamelowa. Alikusanya madereva wa malori akawachorea chini kwa kijiti: unajenga ukuta kutoka mwamba hadi mwamba, mto ukijaa unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Yanayozidi yanapita juu yanaenda zake. Dereva mmoja kutoka Eldoret alisema hajawahi kuona mtu akiwa na uchungu hivi kwa ajili ya matope.

Joto lilikuwa linauonea muthokoi wangu. Nilijua ukifika jioni utakuwa umechacha, kwa hivyo niliufungua hapo hapo na kuwaita wote. Mama mmoja Mturkana aliyekuwa akiuza chai chini ya turubai alileta sufuria, madereva walileta vifuniko na mikono yao. Bwana Barasa alikula kwa kifuniko cha chupa yake, akarudia, na chai yake akaigawa yote. Fundi naye alipewa. Mama wa chai alionja, akauliza kwa nini tunajisumbua kuyatoa mahindi ngozi. Nilimweleza yanakaa sana bila kuoza. Alitazama ndoo iliyoanza kutoa povu, akanitazama mimi, na kwa adabu akabadilisha mazungumzo.

Lodwar hadi mtoni

Lodwar tulilala vizuri na kula samaki wa ziwani waliokaangwa, wakubwa kuliko sahani. Kutoka hapo hadi Lokichogio ni siku nyingine ya vumbi, na hapo tukapokelewa na Meja Chebet, mkuu wa kikosi cha Kioko, mama mwembamba asiyetabasamu kwa sababu za kikazi. Alitupa kofia za chuma. Yangu ilikuwa kubwa, na kila gari liliporuka shimo ilinifunika macho, kwa hivyo kuhusu mandhari ya mpakani siwezi kuwaambia mengi.

Kioko alikuwa amesimama kivukoni tulipofika, bunduki begani, amekonda. Alimpigia saluti Bwana Barasa. Nilishuka nikamkumbatia na bunduki yake.

"Mwaitu, niko kazini," alisema kwa sauti ya chini, akiniita mama kwa lugha yetu ili wenzake wasielewe.

"Hata mimi," nikamjibu, na sikumwachilia upesi.

Mkalimani wetu alikuwa Lokwang, mwalimu mwenzangu aliyesomea katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kurudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na alikuwa na tabia moja ya kuheshimika: kabla ya kutafsiri neno baya, alikuuliza kwanza. Yeye ndiye aliyewaita wanawake wa vijiji vyote. Walikuja, na wanaume wao wakafuata nyuma yao, wa juu wakaketi kulia, wa chini kushoto, na katikati askari. Aliyewaongoza wa chini alikuwa bibi mmoja aitwaye Nakiru, mwenye shanga shingoni hadi kidevuni. Aliuliza swali moja tu la maana: ukuta ukijengwa juu, wao wa chini watabaki na nini? Fundi alimchorea mchoro wake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema michoro haizimi kiu, lakini watabeba mawe.

Siku mbili tulidunga fimbo mtoni hadi tukapata mwamba. Siku ya tatu tukaanza kazi, na hapo nikafanya kosa ambalo hakuna mtu angelifanya ila Mkamba.

Nyinyi mnajua mwethya wetu unavyokwenda. Tukikutana kufanya kazi ya pamoja, tunajigawa, kilima hiki upande huu na kilima kile upande ule, na kila upande unaimba kuukejeli mwingine. Asiyeimbwa hurudi nyumbani amenuna. Mimi sikuwahi kuona ukuta ukijengwa kimya. Kwa hivyo niliwapanga vijiji kila kimoja na upande wake, nikasimama katikati, na kwa niaba ya watu wa chini nikaanza kuwaimba wa juu: wanabeba mawe kama mayai, mama zao waliwanyonyesha uji.

Lokwang alinigeukia. "Mwalimu, nitafsiri?"

"Tafsiri."

"Una hakika?"

"Kwetu bila hivyo ukuta hausimami."

Alitafsiri kwa sauti ndogo, lakini ilitosha. Wanaume wa juu waliweka mawe chini, moja moja, bila kelele, na wawili wakapanda ukingo kwenda walikoacha fimbo zao. Wa chini nao wakasimama. Meja Chebet aliingia katikati na askari wake, na mmoja wa askari hao alikuwa Kioko. Nilimwona mwanangu amesimama kati ya fimbo na fimbo kwa sababu ya wimbo wangu. Nilikuwa nimekuja kumtoa pale, na ndani ya asubuhi moja nilikuwa nimempeleka mahali pabaya zaidi.

Nakiru ndiye aliyeuliza. "Huko kwenu, mnawatukana nani hivi?"

"Majirani zangu," nikasema. "Wakwe zangu. Watu nitakaokula nao. Adui hatumtanii. Adui tunamsalimia kwa heshima na kupita."

Lokwang alipomaliza kutafsiri, Nakiru akasema hata kwao kuna watu unaoruhusiwa kuwatania, lakini unawachagua mwenyewe, hugawiwi na mgeni. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akaweka mikono kiunoni kama mimi nilivyoiweka, akaimba.

"Nitafsiri?" Lokwang akauliza.

"Tafsiri."

"Anasema, mama huyu amesafiri siku nne kuja kutufundisha kubeba mawe. Tazameni mikono yake, bado haijabeba hata moja."

Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimesimama katikati ya mto tangu asubuhi nikielekeza kwa kidole kama niko darasani. Mwanamke mmoja wa kijiji cha juu alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Mwanaume mmoja wa chini akacheka kwa sababu yule amecheka, na muda si mrefu mto wote ulikuwa unanicheka. Niliinama nikachukua jiwe kubwa kuliko busara yangu, nikayumba nalo hadi ukutani, na wakaniimba njia nzima, pande zote mbili, wimbo mmoja.

Kesho yake waliimba tumbo la Fundi Musyoka. Siku iliyofuata waliimba viatu vya Bwana Barasa, viatu vinavyouogopa mchanga, na adhuhuri Bwana Barasa akavivua, akakunja suruali, akaingia kwenye foleni ya mawe. Kioko na wenzake walibeba saruji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tulipewa kila kitu isipokuwa pumziko. Jioni tulikula mtama na maziwa ya mbuzi, wa juu na wa chini kwenye moto mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa wimbo mpya wa kutucheka. Mikutano mitatu ya hoteli ilikuwa imewatafutia jambo moja la kukubaliana, ikashindwa. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa sisi.

Siku ya mkutano

Baada ya wiki tatu jiwe la mwisho lilipakwa saruji. Meja Chebet aliita mkutano ukingoni. Bwana Barasa alikuwa na ripoti yake tayari, imebaki mstari mmoja.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu," Meja alisema. "Hii ukuta imeisha? Nikiandika imeisha, naomba kituo kifungwe. Vijana wangu watakuwa nyumbani ndani ya wiki mbili."

Kioko alikuwa amesimama nyuma yake. Hakunitazama. Alitazama mbele kama askari anavyofunzwa.

Ndugu zangu, ulimi wangu ulikuwa umeshalishika neno "imeisha". Ukuta ulikuwa umenyooka, mgumu, hauna ufa. Lakini nilimwona Nakiru ameketi na watu wake wa chini, na nikalikumbuka swali lake. Walikuwa wamebeba mawe kwa kutuamini tu. Maji yangekuja, yangezuiwa kwanza na ukuta, na saa zile za kungoja ndizo zingeamua. Watu wa chini wangeuona mto wao mkavu, wa juu wangeona dimbwi, na fimbo zingetoka. Mpaka mvua iupite ukuta na kuwafikia wa chini, ule haukuwa ukuta bado. Ulikuwa mawe tu na ahadi yangu.

"Haijaisha," nikasema. "Mpaka mvua ipite juu yake."

"Hiyo ni lini?"

"Msimu ujao."

Meja alinitazama, kisha akageuka kidogo akamtazama Kioko, na nikajua anajua jibu hilo linanigharimu nini. Aliandika. Bwana Barasa alifunga kitabu chake.

Jioni Kioko alinisindikiza hadi garini. "Mwaitu, umeniongezea msimu mzima," alisema akitabasamu.

"Nimekuongezea."

"Ni sawa. Ningesema hivyo tu hata mimi." Akaninyooshea ile kofia ya chuma niliyoisahau. "Lakini baba Mwende utamwambia wewe."

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Ule mto uliotuzuia ulikuwa umekauka, unapita kwa miguu. Mama wa chai alinikumbuka, akaniuliza kama ile ndoo nimeiosha. Bwana Barasa alivaa ndala hadi Kitale. Mimi nililia kidogo kwenye ile barabara ya kupanda milima, na Fundi Musyoka, ambaye hajui watu, alijifanya amelala ili nilie vizuri.

Matuu nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza baba Mwende yote, na wimbo wangu, na jibu langu kwa Meja. Mwende ndiye aliyezungumza, kutoka jikoni: "Mama, ningekuwa huko ningekuonea haya kama ungesema ingine." Baba yake alisema basi, beberu na azeeke. Nikarudi Masii kungoja mvua ya nchi nyingine. Nyinyi mliniona nikisikiliza taarifa ya habari kila siku, mkadhani nimependa siasa.

Jumatatu wiki hii Kioko alipiga simu.

"Mwaitu, mto ulikuja. Ulikaa kwa ukuta masaa tatu hivi, watu wa chini wakakuja wote, wakasimama tu wakiangalia. Halafu ukapita juu. Nakiru aliingia mtoni akitembea mbele ya maji mpaka kijijini kwake."

"Na mchanga?"

"Umejaa mpaka kiunoni. Ukichimba na mkono, unapata maji."

"Na hawagombani?"

"Wanagombana sana. Watu wa juu wametungia Nakiru wimbo. Yeye amesema huo wimbo ni mbaya, amewatungia mbili."

Nilitafuta kiti. "Na kituo?"

"Meja amesoma amri leo asubuhi. Tunafunga."

Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba alikofungwa beberu, mzee wa watu, ndevu nyeupe, meno mawili. Nilimpa majani mabichi niliyowawekea ng'ombe, nikamkuna kichwa, nikamwambia pole, amengoja vizuri, lakini Kioko akifika, Jumamosi hiyo hiyo tunakwenda Matuu.